Neno la Ukutani kwa Bi Adila

Alhamisi, saa tisa na robo alasiri, Somoe binti Yunus alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yao, mkono mmoja hotipoti ya pilau, mkono wa pili mananasi mawili yaliyofungwa pamoja kwa ukindu. Alikuwa anatoka Kiwangwa kwenye arobaini ya binamu yake. Kitongoji kizima cha Kwa Mfaume kilikwenda huko tangu alfajiri kwa fuso la kukodi, kwa sababu Kwa Mfaume shughuli ya msiba haitumiwi mwakilishi. Anakwenda kila mwenye miguu. Mwenye duka hufunga duka, na anayedai mgongo unamuuma huulizwa kama utamuuma siku ya maziko yake pia. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, Bi Adila, mama yake Somoe, ambaye miguu yake ilikataa kazi miaka sita iliyopita. Alisema atamwombea marehemu dua akiwa kitandani na itafika vilevile.

Somoe alitangulia kurudi kwa ajili yake. Ukutani, kushoto kwa mlango, alikuta neno ambalo asubuhi halikuwapo. Lilikuwa la rangi nyekundu, herufi kubwa, kila moja ndefu kama mkono wa mtu: EMPTY. Somoe aliweka mananasi barazani, akaligusa, akakinusa kidole, akaingia ndani kumpakulia mama yake.

"Mama, kuna mtu alikuja?"

"Alikuja mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni. Kanywa maji yangu, na aliyekunywa maji yangu simsemi." Bi Adila alionja pilau. "Nani kapika hii? Mdalasini kauonea choyo."

Somoe hakuuliza tena. Mama yake alikuwa na mwiko huo tangu ujana wake, na kwa mwiko huo aliwahi kunyamaza mbele ya polisi na mbele ya baraza la usuluhishi la mtaa mzima.

Fuso lilirudi saa kumi na moja. Mwenyekiti wa kitongoji, Husseni, alisimama mbele ya ukuta akalichapa neno kwenye simu yake, na simu ikamwambia maana yake ni tupu, hakuna kitu, hakuna mtu. Alilisoma jibu mara mbili, kisha akamweleza Somoe mambo yalivyo. Mradi wa kufuga kamba unajenga barabara kutoka njia kuu mpaka baharini. Nyumba zote za kitongoji zimepona isipokuwa hii, maana mstari unapita juu yake. Mradi ulitangaza kwamba nyumba ikikutwa ina mtu, barabara itapinda bondeni. Ikikutwa haina mtu, itanyooka. Wamekuja leo, wameandika haina mtu. Mashine ya kubomoa itakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi.

"Haina mtu vipi, na mama yumo?"

"Hilo ndilo la kwenda kuwauliza," Husseni alisema. "Ila uende asubuhi. Wale wakishakula mchana hawaulizwi kitu."

Kuanzia Ijumaa nyumba ilianza kulitii neno. Maji ya mtungini yalikauka kabla ya adhuhuri bila mtu kuyanywa. Paka alihamia kwa jirani na hakuaga. Tabia, mhudumu wa afya anayempima Bi Adila presha kila Jumatatu, alibisha hodi mara tatu. Bi Adila alimwitikia mara tatu, ya tatu kwa ukali kidogo, na Somoe naye aliitikia kutoka jikoni. Tabia hakusikia sauti yoyote. Alisukuma mlango, akatazama kitanda, akaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa hayupo, akaenda nyumba ya pili. Husseni alimpiga Somoe picha akiwa amesimama mlangoni, iwe ushahidi. Picha ilitoa mlango mzuri sana.

"Mimi nakuona ukitoka nje," Husseni alimwambia. "Ukivuka kizingiti kuingia tu, ndiyo basi."

Walijaribu kulifuta. Husseni alilikwangua kwa panga, akalipiga msasa, akapaka chokaa mara mbili. Ilipofika alasiri neno lilikuwa limerudi juu ya chokaa, na sasa lilisomeka vizuri zaidi kwa kuwa ukuta ulikuwa mweupe.

Yote hayo Somoe angeyavumilia. Lililomtia hofu ni uzito. Mama yake alikuwa mwanamke wa mwili, na kumgeuza kitandani kulitaka mikono miwili na bismillahi. Wiki ya kwanza ya neno, mkono mmoja ulitosha. Wiki ya pili godoro liliacha kubonyea. Upepo wa saa nane ulipoingia dirishani ulimwinua Bi Adila vidole vinne juu ya shuka, akakaa hapo hewani akiendelea na tasbihi yake. Somoe alimfunga kanga kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye tendegu la kitanda. Bi Adila alilalamika kwamba fundo linambana. Somoe alililegeza, akatoka uani, akalia sana, kwa sababu sasa alijua kwamba nyumba ilikuwa jambo dogo. Aliyekuwa anaondoka ni mama yake.

Ofisi ya mradi ilikuwa Bagamoyo mjini, ghorofa ya kwanza, yenye baridi ya mashine. Afisa wa uhakiki aliitwa Ishaka, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Alisimama Somoe alipoingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kwa nyumba ya Kwa Mfaume. Mmeandika haina mtu, nayo inao watu. Mimi na mama yangu."

Ishaka alifungua faili na kulitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wewe mama nakuona uko hapa Bagamoyo," alisema. "Kwa hiyo kule haupo."

"Na mama yangu?"

"Umekuja naye?"

"Hatembei."

"Basi na hapa hayupo," Ishaka alisema, akafunga faili. Alimpa karatasi ya malalamiko. Kulikuwa na uhakiki wa pili, Jumatano kabla ya mashine, na atakayekutwa siku hiyo ataandikwa kwamba yupo. Somoe hakuuliza habari za fidia. Alitaka mama yake aandikwe, basi.

Alipofika mlangoni Ishaka alimwuliza, "Bibi miguu yake inaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu," Somoe alijibu. Alikuwa ameshafika ngazi ya chini kabisa ndipo akajiuliza Ishaka aliijuaje miguu ya mama yake.

Aliporudi alikwenda kwa Bi Batuli, fundi wa ngoma za pepo, mama wa miaka sabini ambaye amewapunga watu kuanzia Saadani mpaka Kunduchi. Bi Batuli alikuja, akauegemeza uso wake ukutani, akasikiliza.

"Hii si rangi," alisema. "Huyu ni mgeni kapandishwa ukutani. Ana jina, ana kwao, ana anachokitaka. Mpaka aulizwe hayo matatu, hatoki hata umtilie tindikali." Alisema enzi za ujana wake amewahi kuwatoa wawili wa Kizungu, na wote walitaka biskuti na kiti cha kuegemea. Tatizo lilikuwa lugha. Kiingereza chake yeye kilikomea kwenye salamu.

Ndiyo sababu Somoe alikwenda Msata kwa Mwalimu Bwanausi, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne na sasa anauza soda na vocha pale njia panda, mabasi yanaposimama. Mwalimu alikuwa na kamusi kubwa isiyo na jalada, anaitunza ndani ya ndoo yenye mfuniko kwa sababu ya mchwa. Alimsikiliza Somoe mpaka mwisho bila kuacha kupanga chupa.

"Litakuwa la zamani hilo," alisema. "Maneno mafupi ya Kiingereza ndiyo makongwe." Akafunga duka, akabeba ndoo.

Kazi ilifanywa barazani, Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa kuwa Bi Batuli hafanyi kazi usiku tangu apatwe na kisukari. Palikuwa na chetezo cha ubani, sinia la biskuti, chai ya maziwa na kiti cha kuegemea. Bi Adila aliketishwa kitini akiwa amefungwa kanga yake, Bi Batuli akapiga tari, Somoe na Husseni wakaitikia. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, rangi ilianza kubanduka ukutani vipande vipande kama magamba ya samaki, na kila kipande kilipoanguka hakikuonekana chini. Ukuta ulipobaki mtupu Bi Adila alijinyoosha, akapumua kwa nguvu, akaanza kusema Kiingereza kwa sauti nzito ya mtu aliyetembea safari ndefu. Bi Adila hakuwahi kukanyaga shule. Mwalimu Bwanausi alivaa miwani.

"Muulize jina," Bi Batuli alisema.

Mwalimu aliuliza, akasikiliza, akafunua kurasa. "Linasema utotoni halikuitwa hivi. Hiyo herufi ya P hapo katikati si yake, waliitia watu wenye haraka ya kusema. Halina kinyongo nayo."

"Kwao?"

Jibu la swali hilo lilichukua muda. Bi Adila alisema macho yakiwa yamefumbwa, na mara moja alitabasamu. Mwalimu alikuwa anatafsiri kidogokidogo, kidole kikiwa kwenye kamusi.

"Kwao kisiwani, kwenye baridi. Zamani halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa linasemwa juu ya mtu aliyemaliza kazi yake, kwa mfano mvunaji aliyekaa mlangoni kwake kanyoosha miguu, siku ambayo hakuna amri wala wajibu unaomngoja. Lilikuwa linasemwa juu ya kijana ambaye hajaoa. Lilikuwa neno la nafasi. Watu walikuwa wakilitaja wanafurahi." Mwalimu aliinua uso. "Kamusi inasema hivyohivyo, ila kwa herufi ndogo sana. Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuzisoma."

"Ikawaje sasa?"

"Walianza kulitia kwenye vyombo. Mtungi ukiisha maji, wakauita hivyo. Halafu chumba. Halafu shamba ambalo mwenyewe hayupo siku hiyo. Mwisho wakalipakia melini. Linasema limeandikwa kwenye ramani za nchi nyingi, mahali ambapo moshi wa majiko ulikuwa unaonekana kutoka baharini. Lenyewe haliulizwi. Linawekwa tu."

Somoe, ambaye alikuja amejiandaa kulichukia, aligundua kwamba analionea huruma, na jambo hilo lilimuudhi.

"Linataka nini litoke?" Bi Batuli aliuliza.

"Siku moja ya kukaa, kama zamani. Siku nzima, mtu yeyote asilitume."

Bi Batuli alisema katika miaka yake yote hajawahi kuombwa kitu rahisi namna hiyo. Wengine wanataka mbuzi mweusi asiye na doa.

Jumapili Kwa Mfaume haikufanya kazi. Husseni alipita nyumba kwa nyumba kutoa tangazo, na watu walilipokea bila maswali mengi, maana hata wasingeambiwa, wengi walikuwa na uchovu. Hakuna aliyekwenda shambani, hakuna aliyetwanga. Chakula kililiwa cha jana. Mikeka ilitandikwa mbele ya kwa Bi Adila, na neno likakaa barazani ndani ya mwili wake, miguu imenyooshwa juani. Watu waliopita walilisalimu. Watoto walilipa biskuti. Halikusema kitu tangu asubuhi hadi alasiri, na waliokaa karibu nalo walisinzia wote, hata Husseni, mtu ambaye hajulikani kwa kusinzia.

Baada ya swala ya alasiri Bi Batuli alipiga tari mara moja na kuuliza swali la mwisho, lile ambalo pepo huulizwa kwa kufuata utaratibu tu. "Nani aliyekutuma hapa?"

Neno lilijibu kwa Kiswahili. Lilikuwa limekitumia kinywa cha Bi Adila siku mbili, na lilikuwa limezoea.

"Alibisha hodi," lilisema. "Mwenye nyumba akamkaribisha. Akavua viatu mlangoni. Akaingia, akamkuta kitandani, akampa mkono, akasema shikamoo. Akaitikiwa marahaba. Akaulizwa yeye mwana wa nani, akamtaja mama yake, na mwenye nyumba akasema mama yako namjua, tulicheza naye unyago mmoja. Akaulizwa habari za nyumbani, akajibu. Akaeleza kwamba amechoka, akapewa maji, akanywa yote. Akauliza miguu inauma tangu lini. Akasema Mungu akuponye bibi. Kisha akatoka, akavaa viatu, akafungua kopo, akaniandika."

Pale mkekani mtu mmoja alikohoa.

Neno lilishukuru kwa biskuti, likaaga, likaondoka. Bi Adila aliurudia uzito wake wote kwa mara moja, na kiti cha kuegemea kikavunjika mguu.

"Mama," Somoe alisema wakimwinua, "ni kweli?"

"Aliyekunywa maji yangu simsemi."

"Si wewe uliyesema."

"Basi sina kosa," Bi Adila alisema, akaomba arudishwe kitandani. Walimbeba watu wanne, na wote walihema. Somoe alicheka peke yake jikoni mpaka akashika ukuta. Kesho yake Tabia alibisha hodi, akajibiwa, akaingia, akampima Bi Adila, akamgombeza kwa kuficha dawa chini ya mto. Ukuta ulikuwa mweupe. Mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

Jumatano, saa nne asubuhi, Ishaka alikuja kufanya uhakiki wa pili. Alikuja peke yake na begi. Waliomngoja ni Somoe, Husseni, Bi Batuli na Mwalimu Bwanausi, aliyekataa kurudi Msata kabla hajaona mwisho wake. Ishaka aliwasalimu mmoja mmoja, akabisha hodi, akavua viatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mama kaamkaje?"

"Kaamka salama, anakusalimu sana."

"Wa alaikumu salaamu. Somoe, mpe mgeni maji."

Somoe alimpa. Ishaka alikunywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akatoka barazani. Somoe alimfuata.

"Umemwona mama yangu?"

"Nimemwona."

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama. Na siku ile nilimwona, nilimsikia."

"Basi andika hivyo."

Ishaka alitoa fomu mfukoni akamwonyesha. Ilikuwa imeshajazwa kwa mashine, na mhuri umeshapigwa, tarehe ya miezi mitano nyuma. "Mstari ulichorwa kabla sijaajiriwa," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Ulichorwa umenyooka. Sikutumwa kuja kuangalia. Nilitumwa kuja kuandika."

Somoe alimwambia kwamba anamchukia. Alimwambia hajapata kumchukia mtu hivyo tangu azaliwe, na kwamba amdanganye mzazi wake huko nyumbani lakini asimdanganye yeye kwamba ana moyo. Ishaka alisema ana haki ya kusema hivyo. Husseni alishika panga, halafu akaona hajui la kulifanyia. Ishaka alifungua kopo lake na kuandika, herufi baada ya herufi.

Rangi ilipanda ukutani polepole, kama isiyotaka. Mwalimu Bwanausi aliinamisha kichwa kwenye ukuta, akasikiliza.

"Linasemaje?" Bi Batuli aliuliza.

"Linaomba radhi," Mwalimu alisema, akafunga kamusi ndani ya ndoo.

Kutoka ndani, Bi Adila aliuliza kama mgeni amepewa kahawa. Waliokuwa barazani hawakumsikia, isipokuwa Ishaka, ambaye aligeuka akajibu, "Ahsante bibi, nina haraka."

Mashine ilikuja Jumatatu saa mbili. Somoe alisimama mlangoni mikono ameitanua, na dereva, mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa, alitazama mlango mtupu, akasoma ukuta, akasukuma. Ilipofika saa tatu kazi ilikuwa imekwisha. Ndani ya vumbi Bi Adila alisikika na binti yake tu, akisema kwamba enzi zake watu walikuwa wakinyunyiza maji kwanza.

Barabara sasa imekamilika, nayo ni nzuri, imenyooka. Somoe na mama yake bado wanakaa palepale, katikati yake, baada tu ya jiwe la kilomita ya saba. Malori ya kamba yanapita juu ya kitanda mara kumi na nane kwa siku, na Bi Adila analalamika kwamba yanampozea chai. Watu wa Kwa Mfaume wakipika huacha sahani pembeni ya lami, na jioni huikuta imeoshwa, imefunikwa. Hawajaona ajabu. Wanasema heri Bi Adila na bintiye, wao wanajua walipo.

Kila Ijumaa, baada ya swala, Ishaka huegesha gari pembeni, huvua viatu, huvuka hadi katikati ya barabara. Husema shikamoo, na huitikiwa. Huulizwa mama yake, naye hujibu. Huweka chini kifurushi cha sukari aliyopewa na mama yake ailete, hukaa kidogo, huaga. Mwisho wa mwezi hujaza taarifa ya kipande hicho cha barabara, mahali panapouliza kama kuna wakazi, na pale huandika neno moja. Hajakosa Ijumaa hata moja, na neno hajalibadilisha.